Kisima cha Zainabu

Fundi alipong'oa mfuniko wa kisima chetu cha zamani, harufu ikapanda yote kwa pamoja: saruji iliyolowa, majani ya mkorosho yaliyooza, na maji ya mvua yaliyokaa gizani miaka mingi. Nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe cha chai, nikijifanya msimamizi, maana kazi ninayoiweza kuliko zote ni kukaa nyumbani kwangu nikiangalia wengine wakitoka jasho. Siku hizi nina tangi la plastiki, jeusi, limekaa ubavuni mwa nyumba kama mgeni mnene asiyeaga. Kisima kimepasuka, hakishiki maji, na wajukuu wanachezea mdomoni pake. Nikaamua kifukiwe.

Kwa mtu wa kwingine, kisima ni shimo unalochimba ukakuta maji. Sisi wa Newala, hapa juu, ukichimba utachimba mpaka uzeeke. Kisima chetu ni shimo unalolijenga kwa saruji, mvua ikinyesha bati linamwaga humo, unafunika, na kama una majirani unatia kufuli. Wakati wa utoto wetu mwenye kisima alikuwa mtu mkubwa. Kijiji kizima kilikuwa na kimoja, cha mfanyabiashara wa korosho, na mkewe alitembea na ufunguo shingoni kama hirizi.

Dada yangu Zainabu alikuwa amepanda kutoka Masasi kuja kushuhudia kikifukiwa, na bila shaka alikuwa amekalia kiti changu. Alipoipata ile harufu akanyoosha mguu wake wa kulia, akalipapasa paja juu ya kanga, akacheka. "Somoe," akaniambia, "unafukia kisima? Bibi angekutoa kwenye ukoo."

Wajukuu hawakuelewa tunacheka nini. Ninyi wa rika langu ndio nitawaeleza.

Zainabu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, na tangu hapo hakuacha kunitangulia. Gauni lilianza kwake ndipo lije kwangu, likiwa limekwisha kuzoea umbo la mtu mwingine. Hata surua aliugua yeye kwanza. Akapikiwa uji wa sukari, majirani wakaja kumpa pole. Nilipougua mimi wiki mbili baadaye, watu walikuwa wamechoka kuhurumia. "Ni surua tu," alisema mama, "hata dada yako alipona."

Tulikuwa tumehamishiwa kijijini kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama mihogo ya shamba la shule. Tuliahidiwa bomba, na bomba lililetwa kweli. Lilisimama katikati ya kijiji, limepakwa rangi nzuri, halina tone. Kila mgeni wa serikali aliyefika, mwenyekiti alimpeleka akalione. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imekufa huko chini, ikisubiri kipuri, na sisi tulisubiri pamoja nayo huku tukishuka bondeni kwa miguu, debe kichwani. Kushuka si kazi, hata jiwe hushuka. Kazi ni kupanda na debe limejaa, shingo imeingia mabegani, maji yanakudondokea usoni na huna mkono wa kuyafuta. Ukifika ukingoni unageuka, unaiona nchi ya ng'ambo ya Ruvuma, bluu na kimya. Siku nyingine haikuwa kimya. Tulisikia du, du, kwa mbali, na bibi yetu mzaa mama alikuwa akisema, "Wareno wanatwanga tena," kama vile anaongelea majirani wasiojua saa za kazi.

Basi mwaka huo, kiangazi kikiwa kimekaza, Zainabu akaanza kuchechemea.

"Paja linaniuma," alisema.

"Hata langu," nikasema upesi.

Mama akanigeukia. "Linakuuma wapi?"

"Hapa."

"Jana ulisema ni goti."

"Limepanda."

Zainabu aliambiwa akae. Mimi niliambiwa nichukue debe lake baada ya langu. Yaani safari mbili. Ninaiandika kwa utulivu leo, lakini mnielewe, mtoto wa miaka tisa aliyeshuka bonde mara mbili asubuhi moja, kisha akamkuta dada yake ameketi kivulini anasuka ukili, anakunywa maji yale yale, anayo haki ya kuwaza mabaya. Mimi niliitumia haki hiyo yote.

Bibi alimkanda kwa majani ya moto, wiki, wiki mbili. Maumivu yalitulia, yakarudi. Mwishowe baba na mama wakampakia kwenye lori la korosho linaloteremka Masasi, wakampeleka hospitali ya misheni huko chini. Alipanda gari. Hilo nalo liliniingia kama mwiba. Mimi nilikuwa sijapanda chochote zaidi ya mkorosho.

Walirudi siku ya nne. Bibi akakaa mkekani, maana kwetu watoto ni wa upande wa mama, na upande wa mama ulikuwa ni bibi. Baba akaeleza taratibu kama mtu anayepeleka barua ya wengine. Wamempiga Zainabu picha inayoona mifupa. Si ugonjwa mbaya, si wa kuambukiza, si wa kurogwa. Daktari, mzungu aliyesema Kiswahili cha kitabuni, aliuita kifuko cha maji ndani ya mfupa wa paja. Ila dresa, mhudumu wa kufunga vidonda aliyekuwa akimsaidia, alikuwa mtu wa huku kwetu juu, na alipoona mama haelewi kifuko gani hicho kinaingiaje kwenye mfupa, akamfafanulia kwa Chimakonde: ni kisima, mama. Mtoto ana kisima kidogo mfupani. Huwapata watoto wanaokua, hakuna aliyekosea. Ubaya wake ni mmoja, maji yanakaa pale panapotakiwa kuwa na mfupa, na ukuta unakuwa mwembamba kama ganda la yai. Asibebe mzigo, asikimbie, asiruke. Pengine kitajijaza chenyewe akikua. Kisipojijaza, arudi wamfungue, wakikwangue ndani, wakijaze.

Wakubwa walisikia ganda la yai. Mimi nilisikia kisima.

Dada yangu ana kisima! Sisi tunashuka bondeni mpaka utosi unaota sugu, yeye amewekewa chake ndani ya mwili, bila kufuli, bila kuchimba. Sikulala usingizi wa mchana siku ile. Zainabu alipopitiwa mkekani, nikatambaa, nikaweka sikio juu ya paja lake.

"Unasikia nini?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Yanachuruzika," nikasema. Lilikuwa tumbo lake.

Angekuwa mtu mwema angenieleza. Lakini Zainabu ni yule yule wa leo. Akafungua jicho moja, akanong'ona, "Ni matamu, Somoe. Kama ya dafu. Nikiona kiu ya usiku nayameza kwa ndani."

"Nigawie."

"Mtu hagawii tu. Nisugue mgongo kwanza."

Nilimsugua mgongo. Nilimsuka nywele, nilimpepea inzi, nilimpa fungu langu la bokoboko. Siku saba nzima nilikuwa mtumishi wa dada yangu kwa ujira wa kikombe kimoja cha maji ya mfupa. Siku ya nane nilipodai, akacheka mpaka akashika mbavu, na mama aliposikia akacheka pia, na bibi. Kesho yake kijiji kizima kilijua. Watoto bondeni wakawa wananiimbia: Somoe, leta kikombe! Somoe, leta kikombe!

Wivu ukichanganyika na aibu hauna dawa.

Tena kulikuwa na mkongojo. Baba alikuwa mchongaji wa jioni, mtu wa vipini na vijiko, lakini kwa Zainabu alijitia ufundi. Alimchongea mkongojo wa mpingo, kichwani kinyonga aliyejikunja, macho yake vishanga viwili vyekundu. Akaupaka mafuta mpaka ukang'aa. Mimi alinichongea nini? Alinitengenezea mpini wa jembe.

Asubuhi moja, mama yuko shambani na bibi ameingia jikoni, nikaukuta mkongojo umeegemezwa ukutani. Nikauchukua. Sikukusudia kuuiba. Nilitaka tu wale wa "leta kikombe" wanione nashuka nao. Debe kichwani, kinyonga mkononi, nikaondoka nikichechemea kwa maringo makubwa kuliko ya mgonjwa mwenyewe.

Nilikuwa nimefika pale njia inapoanza kuvunjika kuteremka niliposikia, "Somoe! Ningoje!" Nikageuka. Zainabu alikuwa anakuja nyuma yangu, mikono mitupu, anaruka mguu mmoja, anakanyaga, anaruka. Nikaongeza mwendo. Wallahi niliongeza mwendo. Kisha nikasikia mlio, mkavu, mdogo, kama mtu anavunja kijiti cha muhogo akapande. Hakuanguka kwa kishindo wala hakujikwaa kwenye jiwe. Alikanyaga tu, na paja likaachia.

Hakulia mwanzoni. Alikaa vumbini akiutazama mguu wake uliokuwa umegeukia upande usio wake, akasema, "Kimepasuka." Ndipo akapiga ukelele.

Watu wakaja na kitanda cha kamba. Mama alifika mbio, jembe bado mkononi. "Mkongojo wako uko wapi?" alipiga kelele. "Nani amekuruhusu kutoka bila mkongojo?"

Niliushika nyuma ya mgongo wangu. Zainabu aliniangalia. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Niliusahau ndani," akasema. "Somoe ndiye ananiletea."

Mama akaniita mtoto mwema. Sijawahi kupokea sifa chungu kama ile.

Lori lililotushusha lilikuwa la jeshi, lilikuwa likiteremsha majeruhi kutoka mpakani. Nami nilipakiwa, kwa kuwa mama angehitaji mtu wa kumchotea maji na kuchochea moto huko hospitalini. Hivyo ndivyo nilivyopanda gari mara yangu ya kwanza, na sikuona hata mti mmoja. Nilikuwa nimekodolea macho mguu wa Zainabu, uliofungwa kwa mbao na kanga, nikiomba Mungu kwa haraka haraka kama mtu anayepatana bei: wivu wangu wote chukua, mguu mwachie.

Wodini kitanda cha jirani kilikuwa na mwanamke kijana wa ng'ambo, Roza, Mmakonde kama sisi ila Kiswahili chake kimechanganyika na Kireno. Alikuwa mpiganaji. Chini ya shuka lake kulikuwa na mguu mmoja na nafasi tupu. Niliitazama ile nafasi, kisha nikautazama mguu wa Zainabu. Kumbe hapa ndivyo wanavyofanya. Watamkata na dada yangu, kwa sababu yangu, na mkongojo niliouringia ndio utakuwa mguu wake.

Dresa alinikuta nyuma ya jengo nikilia. Akanichukua mpaka dirishani, akainua ile picha nyeusi kwenye mwanga. Niliona mfupa wa dada yangu, mweupe, na sehemu ya juu karibu na nyonga umevimba kidogo, ndani yake giza, ukuta umebaki mstari tu, na mstari umekatika.

"Yule dada alikanyaga bomu," alisema. "Huu ni ugonjwa mwingine kabisa. Huu hatuukati. Tutauvuta unyooke, utaunga. Tena mara nyingine kisima kikipasuka ndiyo hupata nafuu, mfupa unaota humo humo. Tutangoja tuone."

Tukangoja. Mguu ulining'inizwa kwa kamba na uzito, wiki nyingi. Na mimi, niliyemwahidi Mungu wivu wangu wote, nilianza kuuchukua tena kidogo kidogo. Zainabu alipewa yai kila asubuhi. Zainabu alipewa maziwa. Kila aliyeingia alimuuliza Zainabu anaendeleaje. Mimi pia nilikuwa naendelea, hakuna aliyeuliza. Roza alimfundisha kuhesabu kwa Kireno, wakawa wanacheka kwa lugha nisiyoijua. Faraja yangu ilikuwa bomba la hospitali. Unafungua, maji yanakuja. Unafunga, yanakatika. Nilifungua na kufunga mpaka mwuguzi akanifukuza.

Picha ya pili ikaonyesha mfupa umeunga, lakini kisima kipo, kipana vile vile. Daktari akasema sasa afunguliwe, la sivyo utavunjika tena, na tena, na siku moja utaunga vibaya abaki kiguru. Watachukua vipande vidogo vya mfupa wake mwenyewe, kutoka nyongani, wajaze. Bibi aliitwa, akateremka na lori la korosho, akaketi kitandani kwa Zainabu, mikono kifuani.

"Mfanye nini?"

"Tukwangue kisima, bibi," alisema dresa, "halafu tukifukie."

Ningekuwa dresa ningelimeza lile neno. Bibi alisimama.

"Mwanangu, wewe umezaliwa Newala?"

"Ndiyo, bibi. Makote."

"Ukoo wenu umewahi kufukia kisima?"

"Hapana, bibi, lakini hiki..."

"Kisima hakifukiwi. Anayefukia kisima anaombea watu kiu. Mungu amemwekea mtoto maji, ninyi mnatia vifusi! Kesho tunapanda kwetu."

Daktari alianza Kiswahili chake cha kitabuni, akakomea kwenye "kwa hakika". Mama alilia. Zainabu alikuwa ameshika shuka, na nikaona anavyoitazama kamba iliyokuwa imening'iniza mguu wake, akijua atakaorudi nao Newala ni mguu wa yai. Nikajua kuwa nikinyamaza, mguu utakaovunjika kesho kutwa nitakuwa nimeuvunja mara mbili. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilikuwa bingwa wa maneno kwa watoto wenzangu tu.

Aliyesema ni Roza. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, kisima kilichopasuka ukuta, kinashika maji?"

"Hakishiki."

"Watoto wakicheza juu yake?"

"Watatumbukia."

Roza akavuta shuka pembeni, bibi akaiona ile nafasi. "Mimi nilikanyaga shimo ambalo hakuna aliyelifukia," alisema. "Wafukie, bibi. Huyu ana miguu miwili, anatia wivu."

Bibi aliutazama ule mguu usiokuwepo, kisha akaketi tena, polepole, akaanza kuzikunja ncha za kanga yake. "Basi kifukieni," akasema. "Lakini kwanza chote kichotwe. Maji yasizikwe."

Walikichota. Siku ya upasuaji nilikaa mlangoni, mkongojo mapajani, mpaka dresa alipotoka. Swali langu la kwanza, Mungu anisamehe, halikuwa kuhusu dada.

"Maji yalikuwa mengi?"

"Hayakujaa kikombe cha kahawa," alisema. "Yana rangi ya chai iliyopunjwa majani."

Siku saba za kusugua mgongo.

Zainabu alifungwa plasta ngumu kutoka kiunoni, akarudishwa nyumbani kwa gari, akalala miezi, akapimwa na kupigwa picha tena na tena, kwa kuwa visima hivyo vina tabia ya kurudi. Chake hakikurudi. Alitembea, akakimbia, akasoma, akaolewa Masasi, amezunguka nchi hii mpaka Kigoma. Mimi niliyebaki na miguu isiyo na historia sijavuka Lindi.

Na ule mkongojo niliuweka. Umo nyuma ya mlango wa chumba changu, kinyonga amebaki na jicho moja. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nikimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba alivunjika mguu na bado akapata nguvu ya kunifichia siri, wakati mimi na miguu yangu mizima nilishindwa kuisema.

Siku ile fundi alipomwaga toroli la mwisho la kifusi, niliingia ndani nikautoa. Nikamwekea Zainabu mapajani.

"Dada," nikasema, "siku ile niliuchukua mimi. Nilisikia unaniita nikaongeza mwendo."

Aligeuzageuza kichwa cha kinyonga vidoleni. "Najua. Nilikuwa nimeketi ndani ya mlango, ulinipita bila kuniona, unaringa kama bibi harusi."

"Sasa mbona hukunizuia pale pale? Umenifuata mpaka ukingoni kwa ajili ya fimbo?"

"Fimbo?" Akanitazama kama anavyomtazama mjukuu aliyekosa hesabu. "Nani alitaka fimbo? Kila asubuhi nawasikia mnateremka mnacheka, mnaimbiana, mimi niko na bibi na ukili. Nilitaka kushuka bondeni na wewe. Nilikuwa nakuonea wivu, Somoe, tangu siku ya kwanza niliyoambiwa nikae."

Tangu siku ya kwanza. Mimi nilianza siku ile ile, lakini mchana, baada ya safari ya pili.

Hata wivu, kumbe, alinitangulia.